Bi Mkubwa, Safari Hii Sikukimbia

Bi Mkubwa Zaituni,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Mimi ndiye niliyekuosha. Hali yangu ndiyo usiyoijua, na ndiyo iliyonikalisha hapa uani na karatasi ya mjukuu wako, yenye hesabu za shule upande wa pili. Nimechoka, dada. Si uchovu wa kubeba vikapu vya ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani. Ule naujua, ukilala unaondoka. Huu nalala nao na kuamka nao.

Nitakuambia jambo lenyewe kwanza, nisije nikazunguka kama kawaida yangu ukanikatiza. Juma lililopita watu walikimbia tena. Ilikuwa baada ya alasiri, milio ya bunduki ikatoka upande wa michikichi, ikasogea. Hadija, binti yako, akamfunga mtoto mmoja mgongoni, akamshika mwingine mkono, akaniita. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wako. Akaniita tena. Akanivuta. Nikamwambia aende na watoto, aniache. Akalia, akanisemea maneno ambayo sitakuandikia, akaenda.

Usiseme ni magoti. Yangu nayo yameanza, ndiyo, hasa la kulia, lakini siku ile yangenifikisha ziwani na kunirudisha. Magoti yaliweza. Mimi ndiye sikuweza. Nilisikia ndala za watu zikipita nje na sufuria zikigongana, nikajiuliza: kwenda wapi tena, na kurudi kufanya nini? Nikakaa. Milio ikapita juu yetu ikaelekea kwingine, na kesho yake watu wakarudi wakakuta nimepika uji. Hadija alikunywa uji wangu bila kunitazama, na tangu hapo ananijibu "ndiyo mama" na "hapana mama" tu. Nilisema moyoni, akasirike. Roho ni yangu, nikikaa nimekaa mimi, sijamkalisha mtu.

Ndivyo nilivyosema. Jana nimejua vingine, na ndiyo sababu ya barua hii. Lakini kufika jana lazima nipite kwako.

Unakumbuka Rajabu alipokufa? Miaka yote ile ya ndoa, wewe na mimi tulikuwa tunasalimiana kupitia watoto. "Mwambie mama yako mdogo chumvi imekwisha." "Mwambie mama yako mkubwa chumvi haitembei, aifuate." Mume akafa, na kwa sababu chumba cha pili kilijaa ndugu waliokimbia kutoka Gatete, tukakalishwa eda chumba kimoja, wake wenza wawili na mkeka mmoja. Siku za kwanza kila mmoja alitazama ukuta wake. Mwishowe kuta zilituchosha, ikabidi tutazamane. Hapo ndipo nilipojua kwamba unachekesha, na kwamba yule mwanamume alikuwa ananidanganya mimi uongo uleule aliokudanganya wewe, kwa maneno yaleyale. Tulicheka mpaka Hadija akaja kututuliza, eti wajane hawacheki hivyo.

Lakini eda ile ilikufunga viungo. Uliingia ukitembea, ukatoka ukishika ukuta. Baridi yabisi ilikuwa nawe tangu zamani, kwenye vidole na magoti; miezi minne na siku kumi ya kukaa ikaikaribisha ikajenga. Na ukishaanza kuumwa, kila mtu akawa anakupenda kwa kukukalisha. Maji yanaletwa, chakula kinaletwa, hata birika la udhu. "Mama ukae, mama upumuzike." Ndiyo heshima yetu kwa mzee, nani angekataa? Ukawa unaheshimiwa huku unakauka.

Kisha ikaja ile siku ya baiskeli. Naiandika, ingawa ulinikataza kuitaja mbele za watu. Sasa tuko wawili. Milio ilianza, wewe hukuweza kuinuka, na Hadija akamsimamisha jirani mwenye baiskeli ya kubebea mawese. Akaangusha bidoni zake za mafuta, tukakupakia wewe kwenye karieri, tukakufunga kwa kitenge changu usianguke. Ulikwenda hivyo mpaka ziwani, umekaa kama bidoni, miguu inaning'inia, na watu wanatupisha. Tulifika mchangani. Ulipofunguliwa ukasema: "Mara ingine muniache." Sijawahi kusikia sauti ile kwako, wala kwa mtu.

Ndiyo maana uliposikia kwamba kwenye kituo cha afya kuna kijana wa kunyoosha viungo kwa mazoezi, yule tunayemwita Kine, ulitaka kwenda. Mimi nilikupeleka kwa sababu nilidhani kuna vidonge. Wote tulidhani kuna vidonge. Tukakuta kijana mwembamba, Evariste, amepanga viti kwa duara, anatuambia hana vidonge. Anafanya utafiti, anataka kujua mtu mwenye rimatisme, ndiyo hiyo baridi yabisi yako, afanye nini aendelee kutembea na kufanya kazi zake, na hataki kutuuliza tu kisha aende. Anataka wagonjwa wenyewe wakae naye wapange nini kiulizwe na mazoezi yawe yapi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka. Nilikuambia: wagonjwa ndio watakaofanya utafiti? Basi na samaki wakavue. Ukaniambia: "Cheka, mutoto. Mimi niko narudi kesho." Nina wajukuu, na wewe ulikuwa bado unaniita mtoto.

Ukarudi, na kwa kuwa ulikuwa unasema kuliko wote, wakakuchagua wewe uwasemee. Siku Evariste alipowataka akina mama walale chali awanyooshee mguu, chumba kizima kiliganda, Waislamu na Wakristo pamoja. Wewe ukamwambia: "Mwanangu, huu muguu hata mume wangu hakuushika hivyo mchana." Kijana akaona haya, kisha akacheka, akauliza basi tufanyeje. Hicho ndicho nilichompendea, kwamba aliuliza. Ndipo mkaacha mambo ya kulala chali, mkaanza kuinuka kutoka kwenye mkeka, kwa kuwa maisha yetu sisi yako chini, kwenye mkeka, kwenye kinu, kwenye samaki.

Na siku alipowauliza kila mmoja anataka aweze nini. Mimi nilikuwa mlangoni nakusubiri, nilisikia. Mmoja akataka asujudu bila kiti. Mwingine akataka achutame apare samaki wake wa mikeke sokoni. Mama Furaha, yule Mkongomani wako wa kutoka Kivu mwenye nyonga mbovu, akataka apige magoti kanisani na ainuke kabla wimbo haujaisha. Wewe ukasema: "Mimi nataka kukimbia." Watu wakacheka, ajuza anataka kukimbia! Kisha kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikuwa ameelewa. Evariste akasema hilo litakuwa swali la kwanza. Kama mtu akisikia risasi, anaweza kuinuka mwenyewe na kufika ziwani?

Ukaweka na sheria zako, maana bila sheria usingekuwa wewe. Ya kwanza, swali lolote lisitoke nje kabla hamjaulizwa nyinyi wenyewe mle chumbani. Ya pili, kila mgonjwa awe na mwenzake wa kumgongea asubuhi, wafanye mazoezi pamoja, na watu wakikimbia mwenye mwendo mdogo aende na mwenye mwendo mdogo. Wako akawa Mama Furaha. Kila siku baada ya jua kutoka nikawa nasikia "Amahoro, Zaituni!" kwenye ua wetu, na nyinyi wawili mnaanza kuzunguka msikiti, maana kwenda mbali hakukuwa na usalama. Mwislamu na Mkristo wanazunguka msikiti wakichechemea wakisengenya. Nilikuonea wivu, Bi Mkubwa. Wivu ambao Rajabu mwenyewe hakuwahi kuupata kwangu.

Nami nilizoea kukunyooshea mkono unapoinuka kwenye mkeka. Ukawa unaupiga. "Toa mukono wako." Nilikasirika mara ngapi! Ulikuwa unainuka polepole, kwa goti moja, kwa kiganja, kwa matusi, lakini unainuka. Mara ya mwisho tulipokimbia wote ulikwenda kwa miguu yako, nyuma ya watu, na Mama Furaha ubavuni, na mimi mikono yangu ilikuwa mitupu kwa mara ya kwanza nikaweza kumbeba mtoto wa Hadija. Ulipofika mchangani ulikaa, ukainuka, ukakaa tena, ukainuka tena, kuwaonyesha tu watu.

Halafu ukafa kwa homa. Naiandika na bado inaniudhi. Hukufa kwa risasi, hukufa kwa magoti; ulikufa asubuhi tulivu, watu wanaanika ndagala, barabara imefungwa na dawa kituoni zimekwisha. Uliyejifunza kukimbia ukubwani ukafuatwa kitandani. Nilipokuosha, magoti yako yalikunjika vizuri, laini kabisa, nikalia hapo kuliko nilivyolia popote. Mwenzangu wa kuosha alitaka kuvinyoosha vidole vyako vilivyopinda. Nikamwambia aviache, huyu hapendi kushikwashikwa.

Arobaini yako imepita, tumekusomea. Tangu hapo Mama Furaha anakuja kila asubuhi. Anasimama uani palepale, anaita "Amahoro, Mwajuma!" Mimi nanyamaza, au namtuma mtoto amwambie nimelala. Sikukubali kurithiwa kama kitenge. Yeye anazunguka msikiti peke yake, anarudi zake. Sikumjali, nakuambia kweli. Nilikuwa nimechoka.

Sasa jana. Evariste alileta daktari kutoka Bujumbura, mama mmoja mpole, amekuja na msafara wa magari yanayosindikizwa na askari, uso umejaa vumbi. Maswali yalikuwa yanapitishwa kwa mara ya mwisho kabla ya kupelekwa Nyanza-Lac na kwingineko. Walinitumia neno nikae kwenye kiti chako, kwa kuwa goti langu limeshanipa haki ya kukaa na kwa kuwa nilikaa nawe. Nilikwenda kwa sababu Hadija alinitazama, mara ya kwanza tangu siku ile, nikaona bora kikao kuliko yale macho.

Daktari akasema swali lako ni la kweli, hata mama yake mzazi angeliuliza. Lakini karatasi zitapita kwenye bariyeri za barabarani, za askari na za wale wa milimani, na mtu akikutwa na karatasi yenye neno risasi na neno kukimbia ataulizwa ni ya nani na kwa nini anawahesabu wanaokimbia. Alikuwa na haki. Evariste mwenyewe alikwishasimamishwa mara moja na karatasi zake. Akasema basi tuliondoe, tuweke swali la mtu anaweza kutembea umbali gani. Evariste akanigeukia. "Mama Mwajuma, Mama Zaituni angesema nini?"

Nilitaka kumwambia angekuwa hai tungemuuliza. Nilikuwa na hasira nawe, umenikalisha mahali pako na hukunifundisha kazi. Kisha nikakumbuka jinsi ulivyokuwa unatuamsha. Hukuwahi kusema risasi wala vita, hata mara moja, kwa sababu ya watoto. Ulikuwa unafungua mlango na kusema, kwa sauti ya mtu anayeita kwenye chai: "Watu wanaondoka. Tuondoke." Basi nikasema, waulizeni hivi: watu wa kwenu wakiondoka kwa haraka, wewe unaondoka nao, ama unabaki? Na anayebaki, aulizwe kinachombakisha. Hakuna mtu wa pwani hii ya ziwa asiyejua maana yake, na hakuna askari atakayemfunga mtu kwa maneno hayo. Daktari akalirudia polepole, akaliandika. Nilijiona mkubwa kidogo, Bi Mkubwa. Haikudumu.

Maana Evariste akakumbuka sheria yako: tuulizwe kwanza sisi. Akaanza na Mama Furaha, yeye ndiye mzee kuliko wote. Akamuuliza. Mama Furaha akasema: "Juma lililopita nilibaki." Evariste akauliza ni nyonga? Akasema: "Hapana. Nyonga iko nzuri. Nilikuwa nangoja mwenzangu. Nilisimama nyuma ya jiko lake, niko nangoja atoke. Hakutoka. Nikangoja mpaka kukatulia."

Nyuma ya jiko letu. Kati ya ukuta wa makuti na lile pipa bovu. Mimi nimekaa kwenye mkeka nasikiliza ndala za watu, najisifu kwamba sijamkalisha mtu, na ajuza wa watu amesimama nje chini ya milio kwa sababu yangu. Hakuita hata. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuita, alisema aliogopa kunisumbua, nimefiwa.

Akamalizia, bila lawama, kama mtu anayeeleza bei ya samaki. Alisema siku zile za homa ulimwita ukamwambia: "Mwajuma miguu iko nayo. Lakini mimi nikienda, yeye atakaa. Umungoje." Naye akakuahidi. Wewe mwanamke! Umelala na homa inakuchoma, na bado unapanga ya nyumba. Ulijua nitakaa. Mimi mwenyewe sikujua.

Zamu yangu ikafika. Evariste aliniuliza swali langu mwenyewe, sauti ya chini, na ningeweza kusema goti. Nilisema: nilibaki, na si goti, ni uchovu wa kufiwa, na nilimbakisha na mwenzangu. Daktari alikuwa anaandika, akaacha kuandika. Mama Furaha akaniwekea mkono mgongoni, ule mkono wake wenye harufu ya mikeke. Nililia mbele za watu kwenye kiti chako, na wavunjike moyo wote waliodhani mimi nina moyo wa jiwe.

Usiku nimemwomba Hadija radhi. Alinisikiliza, akasema "ndiyo mama", lakini ile nyingine, ya zamani. Na leo asubuhi, "Amahoro, Mwajuma!" ilipoita uani, nilikuwa chini kwenye mkeka. Mama Furaha akaja mpaka mlangoni, akaninyooshea mkono. Sikuupiga, mimi sina adabu mbaya kama yako. Niliushika kidogo, kwa heshima, kisha nikaachia nikainuka mwenyewe, kwa goti, kwa kiganja, na kwa tusi moja nililolirithi kwako. Tukazunguka msikiti. Ananisengenyea watu nisiowajua, ananichosha, anatembea polepole mno. Kesho atakuja tena.

Usidhani uchovu umeisha. Uko, nimekaa nao hapa, na jioni nitalala nao. Milimani bado hakujatulia, na bei ya ndagala usiniulize. Lakini nakuahidi jambo moja, na mimi siahidi ovyo, unanijua. Watu wakiondoka, nitaondoka. Nitainuka nikiwa nimechoka, nitapita nyuma ya jiko nimchukue Mama Furaha, tutakwenda mwendo wetu mdogo mpaka ziwani, na sitamfanya mtu anisubiri tena.

Nawe huko uliko, usinisubiri mlangoni. Nakujua, utakuwa umesimama. Kaa chini, Bi Mkubwa, pumzisha magoti yako. Mimi nitachelewa kuja.

Mke mwenzio,
Mwajuma